UZI: Barangay Ginebra msimu wa 2022-23, kombe moja kati ya matatu na bado kwangu ndio msimu wao mkubwa

Kijana wa Satwa:

Habari za mda huu wakuu. Najua humu ni Simba na Yanga asubuhi mpaka jioni, na kikapu kikiguswa basi ni NBA. Leo naomba niwapeleke Ufilipino, nina jambo limenikaa moyoni mda mrefu na sijapata pa kulisemea.

Mimi nipo Dubai mwaka wa sita huu, walinzi tunaishi bedspesi Satwa, chumba kimoja vitanda sita na wanne kati yetu ni Wafilipino. Mkubwa wao namuita Kuya, kwao ndio kusema kaka. Huyu Kuya ndio aliyenitia kwenye PBA, ligi yao ya kulipwa, ilianza 1975 na ndio ya kwanza ya kulipwa bara zima la Asia. Mwanzo nilikuwa naangalia kwa sababu tu laptop ni moja na chumba ni kimoja, sikuwa na pa kwenda, ila ule msimu wa 2022-23 ulinishika mpaka nikawa nabadilishana zamu na wenzangu ili nisikose gemu.

Kwanza mpangilio wao, maana usipouelewa hutaelewa kitu. Msimu ule ulikuwa na makombe matatu. La kwanza ni Philippine Cup, hili hakuna pro wa kigeni, wanacheza wenyewe kwa wenyewe. Alafu Commissioner's Cup na Governors' Cup, hapa kila timu ilikuwa inachukua pro mmoja tu, na kwenye Governors' urefu wake ulibanwa mwisho futi 6 na inchi 6. Hakuna nyumbani na ugenini kama tulivyozoea, wanazunguka kumbi zile zile za Manila, Araneta, MOA, afu timu zina majina ya kampuni.

Sasa Ginebra. Timu ni ya San Miguel Corporation, ginebra ni jina la gin yao, na barangay kwa kwao ni kama sisi tunavyosema serikali ya mtaa, ule mtaa wenyewe na watu wake. Kwaiyo ukisema Barangay Ginebra ni mtaa mzima wa Ginebra. Kuya anasema kwao baba ni Ginebra, babu alikuwa Ginebra enzi za Robert Jaworski ambaye alikuwa anacheza na huku ndio kocha, na ule usemi wao wa Never Say Die umetoka enzi hizo, yani hatufi mpaka kipenga cha mwisho.

Msimu wakauanza vibaya. Philippine Cup wametolewa robo fainali na Meralco, gemu mbili kwa moja. Ili muelewe uchungu wake, Meralco hawa hawa Ginebra walikuwa wamewafunga fainali NNE za Governors' Cup, 2016, 2017, 2019 na 2021, hiyo ya mwisho ilimalizika April 2022, miezi michache tu kabla. Kuya siku ile alizima laptop hakusema neno akalala na viatu.

Commissioner's Cup ikaja na kitu kipya, timu ngeni kutoka Hong Kong inaitwa Bay Area Dragons. Kocha wao Brian Goorjian, yule aliyeipa Australia medali ya shaba Olimpiki ya Tokyo. Wana Andrew Nicholson aliyewahi kucheza Orlando Magic, wana Mchina anaitwa Liu Chuanxing ana futi 7 na ushee, wana Myles Powell anatupia kutoka popote. Mzunguko wa kwanza wameshinda 10 wamepoteza 2. Nusu fainali wakawatoa San Miguel Beermen, Ginebra wakawatoa Magnolia. Hapo ndio nchi nzima ikashtuka kwamba kombe linaweza kuondoka na wageni.

Gemu ya kwanza ya fainali siku ya Krismasi, Ginebra 96-81. Kuanzia hapo ikawa leo wao kesho wale, hakuna aliyeshinda mbili mfululizo mpaka gemu ya sita ambayo Dragons waliichukua 87-84. Tatu kwa tatu.

Gemu ya saba ikapelekwa Philippine Arena, Bocaue mkoa wa Bulacan, tarehe 15 January 2023. Wakuu, ndani ya ule ukumbi waliingia watu 54,589. Sio uwanja wa mpira wa miguu, ni ukumbi una paa. Rekodi ya PBA, na rekodi waliyoivunja ilikuwa 54,086 ya gemu ya saba 2017, ukumbi huo huo, na ilikuwa ya Ginebra hao hao na Meralco. Hebu fikiria rekodi unaivunja na ni ya kwako mwenyewe.

Manila wapo mbele yetu masaa manne kwaiyo kwao jioni kwetu mchana. Chumba cha watu sita tulikuwa kama ishirini, wengine wamekaa juu ya vitanda vya juu miguu inaning'inia, nimetoka zamu ya usiku sijalala na sikuhisi usingizi. Ginebra wakashinda 114-99. Justin Brownlee pointi 34, asisti (pasi zilizozaa pointi) 12, ribaundi (mipira ya kuokota mtu akikosa ringi) 8. Jamie Malonzo ambaye ndio kwanza ametoka NorthPort kabla ya kombe lile kuanza akaweka 22. Watu wazima walilia mle ndani, na sio kilio cha kombe peke yake.

Brownlee ni Mmarekani. Alikuja 2016 kuziba pengo la Paul Harris aliyeumia, yani hakuwa hata chaguo la kwanza, na mwaka huo huo kwenye gemu ya sita ya fainali na Meralco akatupia pointi tatu ya mwisho kabisa mda unaisha, 91-88, Ginebra wakapata kombe baada ya miaka minane. Tangu hapo akawa anarudi tena na tena. Hili la 2023 lilikuwa kombe lake la sita. Na siku tatu kabla ya ile gemu ya saba, tarehe 12 January, rais wao alikuwa amesaini sheria ya kumpa Brownlee uraia, imepita bungeni kwa jina lake. Kesho yake baada ya ubingwa, tarehe 16, akala kiapo. Kuya akaniambia "sasa ni wetu hata kwenye karatasi".

Naishi nchi ya watu mwaka wa sita, najua uzito wa hayo maneno.

Governors' Cup ntaieleza nikitoka zamu. Karibuni.

Dada Upanga:

Mkuu asante kwa uzi, nimesoma yote bila kuruka mstari. Nilicheza kikapu shule na baadae nikawa naenda pale Don Bosco Upanga kuangalia ligi ya Dar, kina Vijana na Savio, kwaiyo hii ya kumbi zile zile timu zote zinazunguka naielewa kabisa, ligi yetu ya mkoa ndio ilivyo. Ila sisi jukwaa likijaa ni watu mia kadhaa na wote mnajuana majina. Hiyo elfu 54 nimeisoma mara tatu.

Swali langu, Brownlee kwenye Commissioner's si wengine wanaleta majitu marefu? Yeye na hiyo futi 6 na nusu anapambana vipi chini ya ringi?

Kijana wa Satwa:

Dada hilo ndio jambo lenyewe. Hapambani nao kwa mwili. Brownlee ukimuwekea mtu mrefu anatoka nje anapokea mpira juu kabisa anampita au anatupia, ukimuwekea mtu mwepesi anaingia ndani anampa mgongo. Na akiona wamemjia wawili anatoa pasi, ndio maana zile asisti 12. Nyuma yake msimu ule walikuwepo Japeth Aguilar na Christian Standhardinger wakifanya kazi chafu ya ribaundi, na Scottie Thompson ambaye ni gadi, mchezaji wa nje, lakini anaokota ribaundi kama senta, yule mrefu wa chini ya ringi, huyu ndio alikuwa MVP, mchezaji bora, wa msimu wa nyuma yake. Kocha Tim Cone naye yupo PBA kama kocha tangu 1989, hili lilikuwa kombe lake la 25. Ishirini na tano wakuu.

Mzee wa Ribaundi:

Uzi mzuri ila naomba nipingane kidogo. Hiyo timu ni ya San Miguel Corporation, sawa. San Miguel Beermen ni ya nani? Kampuni hiyo hiyo. Magnolia? Hiyo hiyo. Upande wa pili TNT, Meralco na NLEX wote wapo chini ya himaya ya mtu mmoja, Manny Pangilinan. Ligi ya timu kumi na mbili na hao peke yao wana sita. Nusu fainali Ginebra na Magnolia tajiri mmoja anacheza mkono wa kulia na wa kushoto. Ukiniambia ni timu ya mtaa mimi nakuuliza mtaa unaamua nini pale? Haumchagui kocha, haupigi kura, wakiamua kesho kuuza jina wanauza.

Na la pili, mwaka ule bila Brownlee walitolewa robo. Mbeleko ya mtu mmoja hiyo.

Kijana wa Satwa:

Mzee wangu hoja yako ya kwanza ni ya kweli na Wafilipino wenyewe wanaisema kila siku, mashabiki wa timu ndogo wanalalamika kwamba mchezaji wao akichanua tu anaishia kwenye timu za matajiri hao wawili. Malonzo mwenyewe ametoka NorthPort. Siwezi kulitetea hilo, linaumiza ligi, na nadhani litaendelea kuiumiza.

Ila mtaa unaamua kitu kimoja kikubwa, unaamua uende au usiende. Beermen wana makombe mengi kuliko Ginebra, tajiri ni yule yule, mbona ukumbi ukijaa ni wa Ginebra? Hizo pesa za tajiri haziwezi kumtoa mtu Manila kwenda Bulacan kwenye foleni ile na watoto mgongoni.

La pili nakataa. 2020 kipindi cha korona walifungiwa wote sehemu moja inaitwa Clark wakacheza bila mashabiki, ilikuwa Philippine Cup, hakuna pro, hakuna Brownlee, na Ginebra wakachukua, wakawafunga TNT fainali 4-1. MVP wa fainali LA Tenorio. Na huyu Tenorio ndio nilikuwa nataka kumfikia.

Pwani Tulivu:

Salaam nyingi. Mimi huku kwetu Mombasa jina la pombe kifuani mwa jezi lingenisumbua, siwezi kumvalisha mwanangu, nasema kwa uwazi. Lakini nimefanya kazi melini miaka kumi na minne na meli bila Mfilipino sijapata kuiona, na hawa watu kikapu ni chakula. Tulikuwa na ringi ndani ya sehemu ya mizigo, bahari ikitulia tu wanashuka na kandambili. Manila nimeshuka mara tatu, ukitoka bandarini kuingia mitaa ya nyuma kila kichochoro kina ubao wa mbao umepigiliwa kwenye nguzo ya stima na watoto wanacheza na kandambili vilevile, gari likija wanasogea, likipita wanaendelea. Kwa hivyo hao elfu hamsini na nne mimi hawanishangazi, bali nashangaa ukumbi ulitosha vipi.

Tuambie huyo Tenorio.

Kijana wa Satwa:

Nimetoka zamu, tuendelee.

LA Tenorio alikuwa gadi wao mkongwe, mfupi, kimya. Huyu bwana alikuwa amecheza gemu 744 za PBA mfululizo bila kukosa hata moja. Miaka na miaka, mafua, kifundo, msiba, gemu ipo yupo. Governors' Cup ya 2023 mara hayupo kwenye orodha, ikasemwa ni jeraha la kinena, watu wakasema sawa atarudi. Mwezi wa tatu tarehe 21 akatoka hadharani kusema ana saratani ya utumbo mpana, hatua ya tatu.

Kuya alisoma ile taarifa kwenye simu yake sauti kubwa kwa lugha yao, mimi sikuelewa maneno ila nilielewa uso wake. Hapo chumbani yupo mmoja alimzika mama yake kwa ugonjwa huo huo akiwa yeye yupo huku, hakupata ruhusa ya kwenda. Alitoka nje akakaa ngazini mpaka usiku.

Timu ikaendelea. Wakafika fainali tena, safari hii na TNT. Kocha wa TNT wakati ule alikuwa Jojo Lastimosa, na huyu enzi zake za kucheza alikuwa Alaska ya 1996 iliyochukua makombe yote matatu ya msimu, kocha wake pale alikuwa nani? Tim Cone. Mwanafunzi na mwalimu. TNT walikuwa na pro Rondae Hollis-Jefferson aliyetoka NBA na walikuwa na Mikey Williams ambaye mkono ukishawaka hauzimiki.

Mbili kwa mbili, TNT wakapata ya tatu, gemu ya sita tarehe 21 April. Brownlee akaingia mgonjwa, tumbo, chakula kilimdhuru, akajaribu dakika chache akashindwa akatoka. Ginebra bila Brownlee na bila Tenorio wakaenda na TNT mpaka mwisho, 97-93. Pointi nne. TNT wakabeba Governors' Cup yao ya kwanza kabisa kwenye historia na Brownlee akapoteza fainali kwa mara ya kwanza akiwa Ginebra, kabla ya hapo alikuwa amecheza sita na kushinda sita.

Kwaiyo ukihesabu, msimu ule ni robo fainali, kombe, fainali ya kupoteza. Kwenye makaratasi Beermen walichukua Philippine Cup na TNT Governors', kila mmoja moja moja, hakuna aliyemzidi mwenzake. Ila muulize Mfilipino yoyote unaemfahamu hapo mtaani kwako kuhusu mwaka ule atakutajia nini kwanza.

Morani254:

Nimeingia kuchelewa lakini uzi umenishika. Huku Kenya nasi timu ni za mashirika, KPA, Ulinzi, Equity, KCB, kwa hivyo jina la kampuni kwa jezi si jambo geni. Tofauti ni kwamba kwetu shabiki hajawahi kuambiwa hii timu ni yako, mechi zinachezwa Nyayo gymnasium hata jirani wa Nyayo hajui.

Kitu cha kuongezea, World Cup ya kikapu ya 2023 ilikuwa Manila na South Sudan wakawapiga Wafilipino 87-68 nyumbani kwao. Hapa Nairobi tulisherehekea kama ni sisi, wengi wa ile familia ya South Sudan tumeishi nao, Nuni Omot mwenyewe alizaliwa huku Kenya. Sasa nikiwa naangalia nilishangaa, huyo Brownlee mnayemsifu na ameshapewa uraia, alikuwa wapi?

Kijana wa Satwa:

Swali zuri sana Morani. Sheria ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kila timu ya taifa inaruhusiwa mmoja tu wa aina hiyo, aliyepata uraia ukubwani au pasipoti yake ilichelewa. Nafasi ile kwenye World Cup walimpa Jordan Clarkson wa NBA, mama yake ana asili ya Ufilipino. Brownlee akakaa nje. Kuya alikasirika mpaka leo halijaisha.

Mwezi wa kumi ikaja Asian Games, Hangzhou, China. Kocha sasa ni Tim Cone, nafasi ni ya Brownlee, na kikosini wamo Scottie na Japeth, yani Ginebra wamevaa jezi ya taifa. Nusu fainali na China, kwao China, ukumbi wao, Wafilipino walikuwa nyuma pointi nyingi sana. Brownlee akatupia mipira miwili ya pointi tatu sekunde za mwisho mwisho, 77-76. Fainali wakawafunga Jordan 70-60. Dhahabu ya kwanza ya kikapu Asian Games tangu 1962, miaka 61, Kuya mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Mzee wa Ribaundi:

Hapo kwa 1962 umeninyamazisha kidogo. Bado nasimama na hoja yangu ya matajiri wawili ila la mbeleko naliondoa, sikuwa naijua hiyo ya 2020.

Meralco je? Maana kuna watu wanapoteza fainali nne kwa timu moja na hawaandikiwi uzi.

Kijana wa Satwa:

Umesema kweli mzee na nimefurahi umewakumbuka. Meralco walichukua kombe lao la kwanza kabisa 2024, Philippine Cup, wakawafunga Beermen. Siku ile mashabiki wa Ginebra pale Satwa walipiga makofi, Kuya akiwemo.

Dada Upanga:

Na Tenorio? Usituache hapo kaka.

Kijana wa Satwa:

Samahani dada, nilidhani nimeshasema. Alipona. Alipata matibabu na alirudi kuvaa jezi na kuingia uwanjani, tulimuangalia wote, wale walioko zamu waliangalia kwenye simu wamejificha kwenye kibanda cha geti. Yule jamaa aliyemzika mama yake ndio alituita, alikuwa amekaa kitandani kwake laptop mapajani anatuambia kwa mkono njooni, njooni, anaingia.